Upande wa Baba

Muuguzi wa Akureyri amenipa fomu na kalamu ya bluu.
Mama: hai.
Bibi mzaa mama: alikufa na miaka tisini na moja,
akimkaripia paka.
Mama zangu wadogo, wawili: wazima, wanafuma sweta.
Nikaweka hapana, hapana, hapana,
kama mtu afungaye madirisha kabla ya theluji.

Kisha ukurasa wa pili. Upande wa baba.
Nani huulizia titi upande wa baba?

Shangazi Hallfríður alitumbua heringi kiwandani
tangu ana miaka kumi na minne.
Alipoanza kuumwa mgongo, tulisema ni mapipa.
Alipovunjika nyonga kwenye ngazi tatu za benki,
tulisema ni barafu.
Hakukuwa na barafu. Ilikuwa Julai.
Titi lilikwisha kunong'onezana na mifupa
miaka miwili, chini kwa chini,
na sisi tunamchua kwa mafuta ya kambare wa bahari,
tunamwambia apumzike.

Bibi Þorgerður, mzaa baba: kitabu cha kanisa kinasema
"alidhoofika". Miaka thelathini na tisa.
Neno moja, wino wa kasisi, lisilotaja kiungo.
Nimeandika: sijui.
Nimekata. Nimeandika: titi, na alama ya kuuliza.

Kwetu jina la ukoo halivuki.
Mimi binti Ketill, Ketill mwana wa Ormur;
kila mtu huanzia kwa baba yake na kuishia hapo hapo.
Kilichovuka bila kubadili jina ni hiki:
herufi tano zilizodondoka katika neno refu.
Kilipita kifuani pa baba, penye nywele na kizibao cha sufu,
kikamwacha salama,
kama tarishi apitaye na barua isiyo yake.

Nilimpigia simu. "Baba, huku wanauliza habari zako."
Akanyamaza. Redio yake ikataja upepo wa kaskazini.
"Nilikupa pua hii," akasema, "na ubishi.
Sikujua nina kingine mfukoni."
Nikamwambia si kosa lako. Nikalisema mara mbili,
la pili likatoka dogo.

Daktari anasema ni nusu kwa nusu, kama sarafu.
Damu watachukua Alhamisi. Majibu, wiki sita.

Imebaki nafasi moja: Watoto.
Sólrún, miaka kumi na mmoja, anajifunza kupiga mbizi.
Jana aliniuliza, mlango wa bafu nusu wazi,
kama ni kawaida moja kuanza kuota kabla ya jingine.

Ni kawaida, nikasema.
Hata langu lilianza hivyo, la kushoto.
Kisha nikakaa sakafuni, juu ya taulo lake lililolowa,
hadi bomba lilipoacha kudondoka.