Muhuri wa Askofu

Askofu Lovrenc kazikwa jana, theluji ikianguka;
leo makanoni saba wameuleta muhuri wake
juu ya fuawe, na mhunzi Bogomir
kaupiga nyundo mara tatu.
Ndivyo sheria: mkono ukifa, na sahihi ife.

Mimi, mtunza kumbukumbu, nafungua daftari la jimbo.
Ukurasa wa kwanza una tope la mafuriko;
wa tisa, kovu la upanga wa askari wa mfalme
aliyetaka kuchagua maaskofu kama achaguavyo wapishi.
Hapa mipaka ilihamishwa: parokia kumi na moja
zililala zetu, zikaamka za jirani,
na kengele zao hazikujua lolote.

Makanoni wanabishana kwa Kilatini cha mafua:
nani asimamie, funguo zikae kwa nani,
paa la Mtakatifu Florijan linavuja, deni alipe nani.
Mzee Anzelm anasinzia; kura yake kaiandika kiganjani.

Ndani ya kanisa kuu, Terezija
anapangusa kiti kisicho na mtu,
taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso.
"Hata humjui ajaye," namwambia.
"Vumbi nalo halimjui," anajibu,
"na limeshamwahi kitini."