Mistari Minne

Karani ananisukumia fomu ya pensheni:
Andika kazi zote, baba, na miaka yake.
Nafasi ni mistari minne. Kalamu inavuja.

Wa kwanza: kiwanda cha juisi, Muhumba,
miaka kumi na mmoja kwenye mashine ya vizibo.
Nilijivuna. Juisi yangu ilinywewa harusini,
ilipelekewa wagonjwa, na watoto waliofaulu mtihani.
Chupa tupu sikuziuliza zinakwenda wapi.
Nani huliuliza ganda la muhogo lililala wapi?

Zilikuwa zinashuka. Kila mvua ya Kadutu
ilizizoa mitaroni, ikazimwaga ziwani,
na ziwa, lisilo na haraka na mtu,
likazisukuma hadi kinywani mwa Ruzizi.

Wa pili: dereva wa lori. Saruji, maharage,
na mara mbili, usiku (hili siandiki),
mbao zisizo na kibali, za mlima
ambao baadaye uliporomokea nyumba sita.
Huenda si kwa sababu ya mbao zangu.
Huenda. Neno hilo nimelala nalo miaka mingi
kuliko ile niliyolala na marehemu Nabintu.

Wa tatu: bwawa la Ruzizi. Kuondoa taka
mbele ya mitambo. Mtumbwi, ndoana,
glavu zilizotoboka kidole gumba.
Siku ya kwanza niliopoa chupa, nikaigeuza:
kizibo cha kijani, bado kimekaza. Changu.
Nikacheka mpaka Chishugi akadhani nimelewa.

Miaka tisa nikavua nilichokitega mwenyewe.
Nabintu alipiga hesabu kwa punje za maharage:
kumi na moja, toa tisa.
“Bado unadaiwa miwili,” akasema, akazirudisha chunguni.

Usiku mmoja taka zilisonga mtambo, mji ukazima.
Tulivuta kwa mwanga wa tochi hadi saa kumi,
na taa ziliporudi, kilima baada ya kilima,
sikuona dunia iliyo bora.
Niliona madirisha.
Nyuma ya moja, sijui lipi, labda mkunga
alishika kitovu akitafuta mkasi.
Nyuma ya jingine mtu alihesabu pesa za wizi
kwa mwanga uleule,
na mwanga haukumkataa.

Mstari wa nne ni mtupu.
“Na sasa unafanya nini?” karani anauliza.
Sasa kuna mfereji mbele ya mlango wangu.
Mvua ikinyesha natoka na fimbo,
nazuia zinazopita. Nyingine zinanipita.
Hanilipi mtu.
“Andika: bado.”
“Fomu haina neno hilo, baba.”

Anapiga mhuri. Jasho linamtoka, ni mtoto wa watu,
ana maji kwenye chupa pembeni ya makaratasi,
yamebaki vidole viwili.
Nimekunja risiti yangu, lakini siondoki.
Nasubiri amalize kunywa.