Bei kwa Kilo

Lungwa amesimamisha mkokoteni langoni,
mizani ya ndoano begani,
sauti imemkauka kwa kuita tangu Nzuguni sokoni:
chuma chakavu, betri bovu, sufuria zilizotoboka.
Anachungulia juu ya ua wa minyaa,
anameza mate kama aliyesikia harufu ya nyama.

"Mama, hapa una mali. Nikupimie?"

Pima kwa macho kwanza, mwanangu.
Rimu ile ni ya baiskeli ya Ndahani,
aliyosambazia barua miaka kumi na tisa.
Posta walimuaga kwa cheti na saa ya ukutani.
Saa ilikufa, cheti kikaliwa na mchwa,
rimu imebaki, na mkarakara umepita kila spoku.

Ile ndoo isiyo na kitako imevaa mshubiri.
Tairi la Scania nimelipaka chokaa, humo mna mchicha,
unakunywa maji ya kusuuzia vyombo
maana bomba linakohoa Jumatano na Jumamosi tu,
na udongo huu mwekundu haujui kusema basi.

Chupa za mvinyo niliziokota nyuma ya ukumbi
asubuhi za baada ya harusi za watu.
Nimezizika shingo chini, toka kizingitini hadi chooni;
usiku wa mbalamwezi
huniona kabla sijaziona.

Mama Sechelela alisimama hapo hapo uliposimama.
"Dampo umelihamishia nyumbani," akasema,
"nyoka watakuja kupanga."
Nikamwambia waje,
na kodi ya miezi sita mkononi.

Lungwa anacheka, kisha kicheko kinakatika.
"Na ule mlango? Ule peke yake kilo thelathini."

Ule haupimwi.
Ule ulikuwa Nkuhungu, nyumba ya vyumba vitatu,
hadi alipokuja kijana mpole na kopo la rangi,
akaomba maji, akanywa, akashukuru,
kisha akachora.
Eksi moja, nyekundu,
ikachuruzika mpaka kwenye kitasa.
Barabara ilitaka mita zake.
Fidia ilikuja, sisemi haikuja,
ila ilikuja imechoka,
kama mgeni aliyeuliza njia kila nyumba.
Tukang'oa mabati, fremu, sinki.
Mlango niliusindikiza mwenyewe juu ya Fuso,
nimeshika kitasa
kama anavyoshikwa mkono mgonjwa.

Sasa umesimama katikati ya bustani,
hauna ukuta, hauna chumba.
Nimeupandia mzabibu.
Watu husema, subiri, majani yataifunika ile eksi.
Mimi kila nikipogoa
hukata zaidi pale penye alama.
Asubuhi naufungua, napita, naufunga.
Ndahani huuliza kutoka barazani, "Unakwenda wapi?"
"Nimerudi," namjibu.

Lungwa ameshusha mizani.
Anausogelea mlango, anazungusha kitasa mara mbili.
"Kilo ni mia nane," anasema, si kwangu,
"lakini hiki bado kinafanya kazi."
Akaondoka bila kuita. Mkokoteni ukalia njia nzima.

Alhamisi amerudi.
Ametoa chini ya magunia birika la bati
lililopoteza mdomo, lina maua ya kuchorwa,
waridi tatu, moja imekwanguka.
"Hili kiwandani wataliponda tu."
Bei gani?
"Zabibu, zikiiva."
Zabibu zenyewe ni chungu kama dawa,
na zikianza utamu ndege huzijua kabla yangu.
Namwambia hivyo. Anasema atasubiri foleni nyuma ya ndege.

Nimempa maji, akanywa amesimama,
akarudisha kikombe kwa mikono miwili.
Mikono yake nimeitazama. Ilikuwa na kutu, basi.

Birika nimelitundika kwenye bawaba ya juu.
Sijui litaota nini.
Nimetia udongo konzi tatu,
na yale maji
aliyobakiza kikombeni.