Futikamba

Nilishika ncha, Mwadzombo akashika bobini,
tukaunyoosha utepe ukuta hadi ukuta
katika uchochoro wa Kibokoni usiopita mkokoteni.
Bi Thureya alikuwa barazani, mikono ina unga.
"Mwanipima mimi," akauliza, "ama mwapima nyumba?"

Wala si nyumba, bibi.
Twapima udongo ulio chini yake.

Ndivyo lisemavyo daftari:
kuta hazina bei, mlango hauna bei
(na mlango wenyewe haupo;
aliuuza mwaka juzi, ule wa misumari ya shaba,
akalipa reti za miaka mitatu,
pahali pake akatia bati la buluu).
Bei ni ya mchanga,
na mchanga umepanda tangu hoteli ya kona
ilipoota ghorofa ya tano na bwawa juu ya paa.
Futi kwa futi, yeye na hoteli ni sawa:
wao wageni mia kwa usiku,
yeye mahamri mia kwa siku,
yakinunuliwa yote.

"Mwanangu," akaniambia,
maana alinijua, nilisoma chuoni na kitindamimba wake,
"nyumba hii haijanipa hata senti.
Imenipa kivuli.
Kivuli nacho mwakitoza?"

Mwadzombo akaandika. Kalamu yake haina masikio.

Nyumba ya pili, chumba cha juu, amepanga Nagib,
wakala wa forodha, mtoa makontena bandarini.
Simu tatu, gari mbili,
na ardhi hana hata ya kuchomeka kijiti.
Katika daftari letu Nagib hajazaliwa.
Taa ya njiani yamlindia gari, taka zake zazolewa,
bili yabisha kwa mwengine.
Mwenye nyumba atasema reti imo ndani ya kodi yake.
Huenda.

Tulipofika Makadara nikashindwa kunyamaza.
"Kwa nini tusitoze kipato? Anayepata atoe,
asiyepata aachwe aukande unga wake."

Mwadzombo akacheka hadi akaketi.
"Kipato kina miguu, bwana mdogo. Nyumba haina.
Nikimwendea Nagib ataniletea daftari jembamba,
aape kwamba bandari imelala.
Utakayemkamata ni wewe, na mimi,
wenye mshahara unaokatwa kabla haujatuona.
Na kesho nikupeleke Nyali
nikuonyeshe ekari mbili za magugu nyuma ya seng'enge.
Mwenyewe yuko Dubai. Kipato chake hapa, sufuri.
Anangoja bei tu, kama paka mbele ya bucha.
Huyo utamtoza nini? Magugu?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina lote.
Mimi nakaa Kisauni, nyumba yangu, kiwanja si changu;
kila mwezi karani aja na risiti
ya mwenye shamba nisiyemjua uso.
Nina kuta, sina udongo.
Yule ana udongo, hana shilingi.
Nilitaka kumwambia Mwadzombo hilo,
nikaona lafanana na kitendawili,
na yeye vitendawili havipendi.
Nikamwambia tu: basi angojwe.
Deni liandikwe, likae, lisimtoe barazani,
lilipwe siku nyumba itakapouzwa.
"Na mitaro," akasema, "nayo ingoje?"

Jioni ofisini nilinakili vipimo:
thelathini na nne kwa hamsini na moja.
Safu ya jina. Safu ya kiwanja. Safu ya thamani.
Nilitafuta safu ya mtu anakula nini,
sikuiona.
Pembeni mna maoni, nafasi ya upana wa kidole,
na hapo karatasi ilikuwa na doa la mafuta,
kwa kuwa Bi Thureya alitufungia mahamri mawili mawili
akakataa pesa.
Juu ya doa nikaandika: mlango umeuzwa.

Mwadzombo akalisoma. Hakulifuta.
Akahesabu sufuri za kiwanja, mara mbili,
akapiga muhuri.