Tufe la Mbele

Miaka thelathini na minne Reino aliliingiza tela
kinyumenyume, kati ya ukuta wa sauna na msonobari,
mkono mmoja kwenye usukani, wa pili na kikombe cha kahawa,
nami nyuma, kwenye theluji ya Oktoba,
nikipunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki:
kushoto, kushoto, la, kushoto kwako!
Hakunitazama hata mara moja.
Boti iliingia kama kidole kwenye glovu.

Mwaka wa kwanza bila yeye nilijaribu mwenyewe.
Ukitaka tela liende kulia, pinda kushoto:
nililijua hilo kama ninavyojua majina ya miji nisiyofika.
Watu husema kufanya jambo shingo upande.
Mimi nililifanya hivyo hasa, kwa shingo na kwa moyo,
na tela likajikunja kama kisu cha mfukoni,
likambandua msonobari gome
upana wa kiganja. Utomvu ulichuruzika hadi Krismasi.
Boti ikalala nje.
Usiku nilisikia turubai likilemewa.

Darlene Goudreau, wa gereji ya kule bondeni,
alikuja kwa ajili ya betri, akaliona kovu la mti.
Hakuuliza. Akalala chali chini ya pikapu,
ikabaki miguu tu, na sauti ikatoka uvunguni:
“Chesisi nzima. Bolti sita. Alhamisi.”
“Alhamisi nini?”
“Nakufungia tufe mbele.
Mbona unahangaika kusukuma usichokiona?”

Mji wote wa Hancock ulicheka.
Mzee wa posta aliuliza kama siku hizi
naendesha nikielekea nilikotoka.
Nikamwambia alete barua, maswali aache sanduku la kwake.

Basi nikaligeuzia tela uso.
Gia ya kwanza, mguu mwepesi,
kioo cha mbele kimejaa boti.
Ukaidi wake upo bado:
pua ikienda kulia, mkia unatoroka kushoto.
Ila sasa mkia nauona,
na kosa nalikuta likiwa bado inchi moja,
kabla halijapata jina, kabla halijagusa mti.
Nikasimama. Nikapumua. Nikasukuma tena.
Mara ya tano, mwanga wa mlango wa banda ukazimika
kwa umbo la boti.
Hapakuwa na mtu wa kumpungia mikono.

Juni ikaja na mbu wake.
Katika tundu lilelile la chuma, Darlene akachomeka
kichanja cha baiskeli, akanisomea sheria:
usizibe taa, usizibe namba,
mlimani tazama mshale wa joto,
rejeta nayo inataka kupumua.
Yangu ya kijani. Ya Reino ya buluu,
anayoipanda Darlene sasa; miguu yake mirefu,
amekipandisha kiti vidole viwili.
Pale kilipokuwa nimezungusha utepe mwekundu.
Ameuona. Hajaubandua.

Zamani baiskeli zilipanda nyuma yetu,
tukizikumbuka tu tulipofika.
Sasa ziko mbele, njia nzima hadi Copper Harbor,
nusu ya barabara naiona kati ya spoki,
na Ziwa Superior linakatikakatika upande wa kaskazini.
Gurudumu la mbele la ile ya buluu
linazunguka lenyewe kwa upepo wa mwendo,
polepole, kisha kwa kasi, kisha polepole
nikikanyaga breki.
“Niifunge kwa kamba?” Darlene aliuliza.
Nikasema iache.

Jambo moja hakunionya.
Tufe lile, kila alfajiri nikizunguka pikapu gizani,
linanigonga muundi, palepale, juu ya alama ya jana.
Reino angetoboa mpira wa tenisi, angelivika.
Nimeutoboa. Nimelivika.
Bado linauma, lakini sasa ni njano,
na mbwa wa jirani halali,
anaketi mbele ya pikapu akisubiri nilirushe.