Tui Lisikatike

Saa tisa usiku chai yangu imeota ngozi.
Naivuta kwa ncha ya kijiko, inakuja nzima,
imekunjamana kama leso iliyoanuliwa ikiwa bado mbichi.
Yalipomiminwa yalikuwa maziwa tu.
Ila ndani yake mna protini, kila moja imejifunga fundo,
na fundo likifika juu, maji yanapokoma na hewa inapoanza,
hulegea:
kinachopenda maji kikabaki chini,
kinachoyachukia kikatoka nje kupunga upepo
kama familia za Jumapili ukingoni mwa Kilindini.
Zikashikana, jirani kwa jirani,
na zikishashikana hazirudi tena zilivyokuwa.

Kitanda cha tatu, mtoto wa Mbeyu Chengo.
Wiki ishirini na nane. Kilo moja na gramu mia.
Amezaliwa magharibi, na tangu magharibi
mbavu zake zinaingia ndani kila akivuta,
na akitoa anaguna, nge, nge,
kama bawaba isiyopakwa mafuta.

Mafuta ndiyo hasa anayokosa.
Mapafu yana vifuko, vidogo kuliko chembe ya mchanga,
na kila kifuko kimelowa ndani.
Maji nayo yana uchoyo: hujikumbatia,
hujivuta, hutaka kuwa tone,
hukifunga kifuko kama ngumi.
Aliyetimiza miezi yake huja na akiba yake,
mafuta yenye kichwa kimoja na mikia miwili:
kichwa kimezama majini, mikia iko hewani,
yamesimama safu safu pale mpakani
yakiyaambia maji, basi, achia.
Huyu alitoka kabla safu hazijapangwa.

Mama alinikabidhi upawa nikiwa na miaka saba,
kule Mtongwe, jiko la nje, moshi machoni.
Teka, mimina juu, teka, mimina,
usigeuze shingo, litakatika.
Sikujua kinachokatika ni nini.
Kumbe kila tone la mafuta ya nazi limevikwa shela,
protini hizo hizo,
na moto ukizidi, mkono ukilala, shela hujikunyata,
mafuta yakakimbiliana,
maji yakabaki peke yake, membamba, yamepauka.
Tui hukatika. Pumzi nayo hukatika.
Lugha ilishajua. Mimi ndiye niliyechelewa,
miaka mitatu chuoni na deni juu.

Daktari Swabra ametoa kichupa kwenye friji.
"Kipashe kiganjani, Sista Nyevu. Usikitikise."
Hii haitaki upawa. Ukiitikisa ni povu,
na povu halimfai mtu.
Naishika, nyeupe kama tui la kwanza,
baridi yake inapanda hadi kiwikoni.
Mbeyu, kwenye kiti cha magurudumu, anauliza:
"Imetoka wapi?"
"Mapafuni mwa ng'ombe."
"Mapupu?" Anacheka, kisha anashika mshono.
"Mapupu haya tunayowatupia paka wa Marikiti?"
"Hayo hayo."
"Na bei yake?"
Daktari anainama kwenye mrija. Mimi pia.

Hakuna anayeitandaza. Inashuka tone kwa tone
na ikifika majini inajua pa kwenda,
vichwa huku, mikia kule,
inakimbia juu ya unyevu kama habari ya msiba mtaani,
sekunde chache kila nyumba imepata.

Sabini na moja, inasema mashine.
Sabini na moja.
Sabini na tisa.
Feni ya dari inalia, mtu anakohoa koridoni.
Tisini na mbili.
Kuguna kumekoma.
"Ameacha kulalamika," anasema Mbeyu,
kama anayezungumzia mume.

Simwambii kwamba siku ya tatu ndiyo huamua.
Chai imepoa.
Nainywa hivyo hivyo, pamoja na ngozi yake.