Usiishike Penseli Yake

Saa mbili asubuhi, Duluth, Januari.
Madirisha ya ukumbi yameota manyoya ya barafu.
Wanafunzi mia na themanini, profesa mmoja,
na sisi sita wenye fulana za zambarau
tuliofaulu somo hili mwaka jana,
mimi kwa jaribio la pili, ila hilo tuliache.

Meza ya kumi na moja ni yangu.
Hapo huketi Arvid Koskela, miaka arobaini na mitatu,
ameacha mgodi wa chuma, au mgodi umemwacha yeye.
Huniita "Mwalimu Pakou", nami naona haya:
nilizaliwa mwaka aliooa.

Swali: kitabu kimetulia juu ya meza. Chora nguvu zote.
Akachora mshale mmoja, kwenda chini, mzito kama mtarimbo.
"Na meza?" nikauliza.
"Meza haifanyi kitu. Meza ni meza."

Jibu likanijaa mdomoni.
Ningeichukua ile penseli,
ningechora mshale wa pili kwa sekunde mbili,
naye angeitikia kwa kichwa, angeshukuru,
angeondoka nao kama mwavuli wa kuazima.
Lakini kwenye mafunzo yetu ya Jumatatu tuliambiwa:
uliza, kisha nyamaza.
Kuuliza si kazi.
Nikavikalia viganja vyangu.

"Umewahi kusimama juu ya kitu
kikabonyea, lakini kisikuangushe?"

Akakuna ndevu.
Meza ya jirani walishafika swali la nne.

"Ziwa," akasema hatimaye.
"Ukipitisha gari juu ya barafu mwezi wa pili,
barafu hubonyea. Kidogo tu.
Unaisikia ikilia chini ya magurudumu.
Lakini haikumezi, kwa sababu..."

Penseli ikasimama hewani.

"Loo! Kwa sababu inasukuma.
Miaka yote hii imekuwa ikinisukuma."

Akachora mshale wa pili, mrefu kupita kiasi.
Akaufuta. Akaupima wa kwanza kwa ukucha,
akauchora tena, sawa kwa sawa.

Nami niliyefaulu kwa kukariri,
niliyeujua mshale ule kama namba ya simu,
ndipo nikaihisi meza
chini ya kiwiko changu.

Profesa akapita, akaitazama karatasi.
"Nani amekueleza hili?"
"Hakuna," akasema Arvid.

Nikahamia meza ya kumi na mbili,
kichwa kimenivimba.